Wanamwosha Nani? Maneno Juu ya Ufufuo wa Mwili

(Hotuba hii ilitolewa Masasi, mkoani Mtwara, katika mkutano wa juma la Pasaka. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao, kwa sababu ya safari, ugonjwa au kazi za shamba, hawakuweza kufika.)

Baba Kasisi, mapadre na wachungaji wa makanisa jirani, wazee wetu, akina mama wa Umoja wa Mama, vijana wa kwaya, na ninyi majirani zetu Waislamu mlioitikia mwaliko na kuketi nasi chini ya mwembe huu, nawasalimu nyote kwa heshima. Kristo amefufuka!

Ahsanteni. Mmeitikia, "Amefufuka kwelikweli," na mmeitikia kwa nguvu. Tumekuwa tukiitikiana hivyo tangu usiku wa mkesha, pale mshumaa wa Pasaka ulipoingizwa katika kanisa lenye giza. Mimi nimeitikia hivyo tangu utotoni, na kwa miaka mingi nimeitikia pasipo kujiuliza swali ambalo leo nataka tuulizane sote. Tukisema amefufuka, ni nini hasa kilichofufuka? Ni kumbukumbu yake? Ni mafundisho yake? Ni roho yake peke yake? Au ni yeye mwenyewe, mwenye mikono na miguu?

Niruhusuni nianze nyumbani kwetu.

Nilikuwa na umri wa miaka tisa bibi yangu mzaa mama alipofariki, katika kijiji kimoja cha uwanda wa juu wa Makonde, upande wa Newala. Ninyi mliozaliwa huko mnajua jinsi wanawake wa zamani walivyoishi. Maji hayakuwa juu, yalikuwa bondeni, na mwanamke aliamka alfajiri na mtungi wake, akateremka genge, akapanda genge, na jua likamkuta angali njiani. Bibi alifanya hivyo tangu usichana wake hadi magoti yalipomkataa. Usoni alikuwa na nembo, yaani chale za urembo, na kwenye mdomo wa juu alikuwa na tundu la ndonya, lile pambo la mdomoni, ingawa ndonya yenyewe alikuwa ameiacha zamani. Shingo yake ilikuwa ngumu kama mti kwa ajili ya ile mitungi. Kwangu mimi, bibi alikuwa ndiyo hiyo shingo, hiyo nembo, na kiganja kikavu kilichonipapasa kichwani usiku.

Siku ya msiba, watoto tulifukuzwa uani, lakini mimi nilibanana kwenye ukuta wa udongo nikasikiliza. Nilisikia maji yakimiminwa. Nilisikia akina mama wakiimba kwa sauti ya chini sana, na mmoja akimwambia mwenzake, "Mshike taratibu, mguu huu ulikuwa unamuuma." Mguu wa marehemu, ndugu zangu! Nje, mwalimu wetu wa dini alikuwa akiwaambia wanaume waliokaa mkekani kwamba mama yetu ameshapokewa na Bwana. Basi nikatoka nilikojificha, nikamwuliza mbele ya watu wote: "Mwalimu, kama bibi ameshafika mbinguni, hawa kina mama mle ndani wanamwosha nani?"

Mjomba wangu alitaka kunichapa. Mwalimu akamzuia, akaniambia, "Swali lako nitalijibu kaburini. Kaa karibu nami." Jibu lake nitawaeleza nikifika mwisho, maana ninyi pia ningependa mlibebe swali hilo kwanza, kama nilivyolibeba mimi mchana ule mzima.

Wanamwosha nani? Ndugu zangu, hebu tusikilize jinsi tunavyosema misibani. Tunasema, "Huu uliolala hapa ni mfuko tu, mwenyewe ameshaondoka." Tunasema, "Mwili ni nguo, umevuliwa." Twasema hivyo kwa nia njema, ili kumfariji aliyefiwa, na sikatai hata kidogo kwamba wafu wetu wako mikononi mwa Mungu sasa hivi. Lakini maneno hayo yakiachwa yasimame peke yake hayatoki kwa mitume. Yanafanana zaidi na yale ya wenye hekima wengi wa Uyunani, waliofundisha kwamba mwili ni gereza na kwamba kufa ni roho kufunguliwa mlango. Ndiyo maana Paulo alipohubiri Athene, katika Matendo ya Mitume sura ya 17, walimsikiliza kwa utulivu alipozungumza juu ya Mungu aliyeumba vyote, lakini aliposema habari za ufufuo wa wafu wengine walimdhihaki. Angewaambia kwamba roho haifi, nadhani wengi wangemkubalia. Aliwaambia kwamba mfu amesimama, wakacheka.

Na Imani ya Mitume tunayoikiri kila Jumapili inasemaje? Haisemi, "Nasadiki kwamba roho haifi." Inasema, "Ufufuo wa mwili, na uzima wa milele." Mwili! Neno hilo liliwekwa pale makusudi, nasi tunalipita mbio kama mtu anayekimbilia basi la saa kumi na mbili.

Lugha yetu wenyewe inatusaidia hapa. Katika mikoa yetu miwili ya kusini, Lindi na Mtwara, kuna viwanda vya korosho vilivyojengwa zamani vikasimama kwa miaka mingi, na kila mara husikika habari ya kuvifufua. Mtu akisema kiwanda fulani kimefufuliwa, sisi tunaelewa nini? Tunaelewa kwamba kuta zile zile zilizoota majani zimesafishwa, na mashine zilizonyamaza zimeanza kulia. Mtu akijenga kiwanda kingine pengine kabisa, hatusemi amefufua. Na akituletea picha ya kiwanda cha zamani tuitazame kwa uchungu, hilo nalo hatuliiti kufufua. Kufufua ni kukirudishia uhai kile kile kilichokufa. Basi tunaposema Yesu amefufuka, Kiswahili chenyewe kinakataa tuseme kwamba aliendelea kuishi mioyoni mwa wafuasi wake tu. Kama mwili ule ulibaki kaburini, neno letu ni la uongo, na inafaa tutafute neno jingine.

Hata hivyo mfano wa kiwanda una mpaka wake, na mpaka huo ni muhimu. Kiwanda kilichofufuliwa kinaweza kufa tena. Lazaro wa Bethania naye alitoka kaburini baada ya siku nne, na dada yake alikuwa ameonya kwamba ananuka. Alirudi nyumbani, akala, akazeeka, na siku moja dada zake au majirani walimzika mara ya pili. Alirudishwa katika uhai huu huu tunaoujua, wenye homa na uzee. Juu ya Kristo, Paulo anawaandikia Warumi jambo jingine: "Kristo akiisha kufufuka katika wafu hafi tena, wala mauti haimtawali tena." Lazaro alirudi upande huu wa mto. Kristo amevuka akatokea ng'ambo, na mwili wake anao.

Sasa mtu ataniuliza, na ana haki kuniuliza: Mnajuaje? Nani aliona?

Nawajibu kwa ukweli kwamba kufufuka kwenyewe, ile saa yenyewe, hakuna Injili hata moja inayosema kwamba mwanadamu aliiona. Yaliyoonwa ni mawili: kaburi tupu, na yeye mwenyewe akiwa hai. Na waliokuwa wa kwanza kuliona kaburi hilo tupu walikuwa wanawake. Mariamu Magdalene yumo katika Injili zote nne. Walikuwa wanakwenda na manukato kuupaka mwili, na njiani, anasema Marko, walikuwa wakiulizana ni nani atakayewavingirishia lile jiwe. Waliporudi na habari, Luka hawafichi mitume: "Maneno yao yakaonekana kuwa kama upuzi kwao, wala hawakuwasadiki." Katika nyakati zile ushahidi wa wanawake haukupewa uzito, mwanahistoria Myahudi Josephus, wa karne hiyo hiyo ya kwanza, anaandika kwamba usipokewe. Nawauliza, wazee wangu mliozoea mabaraza: mtu akitaka kutunga habari apate kuaminiwa, atachagua mashahidi ambao baraza halitawasikiliza? Waandishi wa Injili waliandika wanawake kwa sababu ndio waliokuwapo.

Nilipokuwa kijana nilifundisha shule upande wa Msimbati, kule pwani. Mvuvi mmoja alipotea baharini wakati wa kusi. Siku zikapita, watu wakakata tamaa, wakakaa matanga, na matanga yakaanuliwa. Kisha akaja mwanamke mchuuzi wa samaki wakavu, akitokea upande wa mlango wa mto Ruvuma, akasema, "Mwenzenu nimemwona, yuko hai, ngalawa ilivunjika akaokotwa." Wanaume waliokuwa barazani walimnyamazisha. Walisema jua limemchoma, walisema ameona mzimu. Mama yake yule mvuvi alikuwa ameketi pembeni, na kanga ya msiba angali nayo kichwani. Hakuuliza alikuwa amevaa nini, wala alisema nini. Aliuliza swali moja tu: "Alikuwa anakula?" Mchuuzi akajibu, "Alikuwa anakula muhogo wa kuchemsha." Mama akainuka, akaanza safari jioni ile ile.

Mvuvi yule hakuwa amekufa, na mfano huu siupeleki mbali zaidi ya hapo. Lakini mama yule alijua kitu ambacho wanaume wa barazani hawakukijua, ya kwamba mzimu hauli. Na sasa fungueni Luka sura ya 24. Yesu anasimama katikati ya wanafunzi, wanashtuka, wanadhani wanaona roho. Anawaambia, "Nishikeni-shikeni, mwone, kwa kuwa roho haina mwili na mifupa kama mnavyoniona mimi kuwa nayo." Na walipokuwa bado hawajaamini kwa furaha, akawauliza kama wana chakula chochote. Wakampa kipande cha samaki wa kuokwa, akala mbele yao. Katika Yohana sura ya 21 yeye ndiye anayewasha moto wa makaa ufuoni na kuwaokea wavuvi samaki, akawaita waje wale. Bwana wa utukufu, aliyeyashinda mauti, anapuliza makaa ufuoni alfajiri! Mimi nimekaa ufuo wa Mikindani alfajiri, nimesikia harufu ya samaki akiokwa, na kila mara nikifika ufuoni pale naisoma tena sura hiyo moyoni.

Barua ya kwanza kwa Wakorintho iliandikwa yapata mwaka 55, kiasi cha miaka 25 hivi baada ya msalaba. Humo, katika sura ya 15, Paulo anataja waliomwona: Kefa, yaani Petro, kisha wale Thenashara, kisha ndugu zaidi ya 500 kwa pamoja, "ambao wengi wao wanaishi hata sasa," kisha Yakobo, kisha mitume wote, na mwisho wa watu wote yeye mwenyewe. Anaposema wanaishi hata sasa, ni kama anamwambia msomaji: nenda ukawaulize. Ameiweka imani yake yote juu ya jambo hilo moja. "Kama Kristo hakufufuka, imani yenu ni bure." Hakujiachia mlango wa nyuma. Hakusema kwamba hata asipofufuka mafundisho yake ni mazuri. Alisema ni bure.

Ndugu zetu Waislamu mlioketi nasi, najua kwamba hapa njia zetu zinaachana, kwa maana ninyi hamsadiki kwamba Isa mwana wa Mariamu alisulubiwa. Sitaki kulifunika hilo kwa maneno laini, wala hamkuja hapa ili nilifunike. Lakini ninyi nanyi mnangoja Siku ya Kiyama, mnasadiki kwamba Mungu atawainua wafu kutoka makaburini, na mnaosha wafu wenu kwa adabu kubwa. Siku ya bibi yangu, waliotangulia kubeba jeneza walikuwa majirani Waislamu. Hawakusema kwamba wanabeba mfuko mtupu.

Nataka sasa nikae kidogo juu ya makovu, kwa maana hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Tomaso alisema hataamini asipoona kovu za misumari. Siku nane baadaye Bwana alikuja akamwonyesha mikono na ubavu. Mmewahi kujiuliza kwa nini makovu yalikuwapo? Mungu aliyeweza kumwinua Mwanawe kutoka wafu hakushindwa kumfutia alama tano. Angeweza kumpa ngozi mpya, laini, kama ya mtoto mchanga. Hakufanya hivyo. Mwili uliofufuka ni mwili ule ule uliopigwa, na yaliyoupata yamebaki yakisomeka juu yake. Hayaumi tena, lakini yanasomeka. Ina maana gani? Ina maana kwamba Mungu hafuti historia ya mtu ili kumfanya mpya. Anaichukua historia hiyo, na machungu yake, anaivusha.

Masasi inapaswa kulielewa jambo hili kuliko miji mingine. Sisi tumeketi juu ya ardhi ambayo misafara ya watumwa iliipita, kutoka pande za Ziwa Nyasa kwenda Kilwa, Lindi na Mikindani. Miili ya watu ilipangwa, ikakaguliwa meno, ikapangiwa bei. Soko la watumwa la Unguja, pale Mkunazini, lilifungwa mwaka 1873, na mahali pale pale Askofu Edward Steere akasimamia ujenzi wa kanisa kuu. Mwaka 1876 askofu huyo huyo alitoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa kutoka utumwani, wakashuka Lindi, wakatembea kwa miguu hadi hapa chini ya milima hii ya mawe mnayoiona, wakaanza kujenga. Baadhi ya wasikilizaji wangu leo wametokana na watu wale. Nawaomba mfikirie miguu yao katika safari ile. Njia ni ya msituni vile vile kama ile ya misafara, lakini safari hii shingoni hakuna kongwa, na uso umeelekea bara badala ya pwani. Mwili ni ule ule. Kovu la mnyororo kwenye kifundo cha mguu lipo pale pale.

Miongoni mwa watoto waliotekwa enzi zile alikuwamo Myao mmoja, Cecil Majaliwa. Alikombolewa, akalelewa na kusomeshwa na misheni Unguja, akafanya kazi Chitangali katika nchi hii yetu, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza kuwekwa kasisi katika misheni ile ya UMCA, misheni ya Waanglikana kutoka Uingereza. Nimekuwa nikimfikiria kila Pasaka. Mwili uliokuwa mali ya kuuzwa umesimama altareni, umeinua mkate, na mdomo wake unatamka maneno ya Bwana: "Huu ndio mwili wangu." Ndugu zangu, hapo sina la kuongeza. Kama injili ingehusu roho peke yake, mfanyabiashara wa watumwa angeweza kuikubali bila shida: chukueni roho zao, tuachieni miili. Na wako Wakristo, tena wenye kusali sana, waliofanya biashara hiyo ng'ambo ya bahari kwa mawazo ya namna hiyo hiyo. Lakini kama Mungu ameufufua mwili, na ameuketisha mkono wake wa kuume, basi hakuna mwili wa mwanadamu uliobaki kuwa wa kuuzwa, wala wa kupigwa, wala wa kutupwa.

Ndiyo maana sishangai kwamba palipohubiriwa ufufuo kusini hapa pakaja pia kitanda cha mgonjwa. Watawa Wabenediktini walioanzisha misheni ya Ndanda mwaka 1906, mwaka mmoja tu baada ya vita vya Maji Maji kuziteketeza misheni za eneo hili, walijenga kanisa, na hospitali ikakua kando yake, ambayo wengi wetu hapa tumezaliwa au tumetibiwa. Mtu anayeamini kwamba mguu huu wenye kidonda utasimama siku moja mbele za Mungu ataufunga bandeji kwa mkono mwingine kabisa na yule anayeona ni mfuko wa kutupwa. Na mume anayempiga mkewe usiku, kisha asubuhi akaja kuimba aleluya, ameimba nini? Amekiri ufufuo wa mwili upi?

Nageukia shamba kwa muda mfupi, kwa sababu Paulo mwenyewe aligeukia huko. Anamwita Kristo "limbuko lao waliolala." Neno hilo sisi hatuhitaji kufafanuliwa. Mvua za masika zinaelekea ukingoni, na juma lililopita baadhi yenu mmeleta kanisani mahindi ya kwanza. Aliyeleta gunzi lake la kwanza ametuambia nini? Ametuambia kwamba nyuma yake kuna shamba. Hakuna mtu anayeleta limbuko la shamba ambalo halipo. Kristo ni limbuko, na shamba lililo nyuma yake ni sisi, ni wale tuliowazika Lupaso, Chiungutwa, Luatala, Nanyumbu, kila mahali palipo na msalaba wa mti ulioanza kuliwa na mchwa.

Wakorintho waliuliza, wafu watafufuliwaje, na wana mwili gani? Paulo aliwaambia watazame mbegu. "Uipandayo haihuiki, isipokufa." Tazameni korosho. Ukiichukua korosho mbichi mkononi, ni kitu kidogo, kijivu, kilichopinda kama figo. Nani angeweza kuotea kutoka humo ule mti mpana ambao chini yake familia nzima inakula mchana? Lakini mkorosho haukutoka mahali pengine. Umetoka humo humo. Kwa hiyo, nikiulizwa kama bibi yangu atafufuka akiwa na nembo usoni, nasema kwamba yule aliyebaki na kovu za misumari anajua la kufanya na nembo. Ninachothubutu kusema ni hiki tu, kwamba nitamtambua. Mariamu Magdalene alipomwona Bwana bustanini alidhani ni mtunza bustani, na akamtambua alipoitwa jina lake. Mwili wa utukufu haukumzuia Bwana kuita jina kwa sauti ile ile.

Paulo anaifunga sura hiyo ndefu kwa maneno ambayo ningetarajia yawe juu ya mbinguni, lakini sivyo. Anasema juu ya kazi: "Taabu yenu siyo bure katika Bwana." Kwa nini ufufuo umalizikie kwenye taabu? Kwa sababu kama mwili unafufuliwa, hata ulichokifanya kwa mwili hakipotei. Ile mitungi ya maji iliyopandishwa genge kwa miaka 40 ili watoto wanywe haikumwagika bure. Mama anayemgeuza mgonjwa wa kiharusi kitandani mara tatu kila usiku, na hakuna anayemwona, habebi mzigo wa bure.

Wala msidhani nawakataza kulia. Yesu, akijua kwamba baada ya dakika chache Lazaro atatoka kaburini, alilia machozi. Wako watu wanaowaambia wafiwa, "Usilie, wewe ni Mkristo." Nawasihi, acheni. Kifo ni adui, Paulo anamwita adui wa mwisho, na mtu hulia adui akimchukulia mpendwa wake. Tunalia kwa sababu mwili ule tuliupenda. Tungekuwa tunaamini kwamba ni nguo iliyovuliwa, machozi yetu yangekuwa ya kumlilia nani?

Sasa nirudi kaburini.

Tulifika jioni, jua limeshuka. Jeneza lilipoanza kuteremshwa mwalimu aliinua mkono. Wachimbaji walikuwa wamechoka, na mahali pale ni pa mawe. Akawaambia, "Mmemleta kinyume. Mgeuzeni." Pakatokea manung'uniko. Mjomba wangu akasema giza linaingia, maiti haioni upande. Mwalimu hakubishana naye. Alisubiri tu, mkono wake ukiwa juu, mpaka wakalipandisha jeneza, wakaligeuza, wakaliteremsha upya, kichwa magharibi na miguu mashariki, kama Wakristo wa kale walivyozoea kuzika. Udongo ukarudishwa. Ndipo akainama, uso wake ukawa sawa na wangu, akanishika bega.

"Uliniuliza wanamwosha nani," akasema. "Wamemwosha yeye mwenyewe. Roho yake anayo Mungu, na mwili wake ameuacha kwetu tumtunzie. Nimemlaza miguu mashariki ili siku Bwana atakapomwita kwa jina lake, akisimama hapa, jua liwe mbele yake, asihangaike kugeuka."

Nimezika watu wengi tangu siku ile, na miongoni mwao mwalimu huyo. Tulimlaza kichwa magharibi.

Naomba sasa tusimame wote, anayeweza kusimama, tuikiri Imani ya Mitume. Tuikiri polepole, na tukifika kwenye ufufuo wa mwili, kila mtu amkumbuke mmoja aliyemzika.